Mfalme Asiyeulizwa na Daraja Alilolikata

Paukwa!

*Pakawa!*

Pakawa nini?

*Sema wewe uliyekuwapo!*

Mimi sikuwapo. Alikuwapo aliyemwambia aliyeniambia. Basi sogeeni, na mwenye kukohoa akohoe sasa.

Zamani za mababu wa babu zetu palikuwa na nchi ya milimani iitwayo Vuchanga. Nchi ile ilipakana na korongo, na chini ya korongo ulipita mto Mbunguru. Haukuwa mto wa kuogelea. Ulikuwa mto wa kunguruma, mchana kutwa, kama simba aliyenyimwa nyama. Ng'ambo ya mto palikuwa na nchi nyingine, na soko kubwa, na wakwe, na mashemeji, na mashangazi. Watu walivuka kwa daraja la kamba. Wakioa, wanavuka. Wakizika, wanavuka. Wakitaka chumvi, wanavuka.

Mfalme wa Vuchanga aliitwa Kivuma. Mfalme huyu alikuwa na sheria moja aliyoirithi kwa baba yake, na baba yake kwa babu yake. Sheria yenyewe ni hii: mfalme haulizwi. Unaweza kumwamkia. Unaweza kumsifu. Unaweza kumshukuru. Ila ukimuuliza, unahama nchi, wewe na chungu chako.

Mnasikia?

*Tunasikia!*

Basi siku moja watu waliamka wakakuta daraja limekatwa. Kamba zinaning'inia korongoni kama nywele za mtu aliyefiwa. Askari wa mfalme wamesimama ukingoni na mikuki. Wakasema, "Amri ya mfalme. Havuki mtu. Atakayesuka kamba nyingine, ahame." Basi. Hawakusema zaidi, kwa sababu hata wao hawakuambiwa zaidi.

Kwa nini daraja limekatwa? Nani atauliza? Hakuna. Na watu wasipoweza kuuliza, hufanya nini?

*Husema!*

Ehee! Husema. Penye wengi pana mengi.

Sasa katika nchi ile alikuwapo mwanamke mjane, mpika pombe ya miwa, jina lake Nakijwa. Watu walimwita Mama Niendiwe, kwa jina la binti yake wa pekee. Na huyo Niendiwe alikuwa ameolewa ng'ambo. Daraja lilipokatwa, Niendiwe alikuwa na mimba ya kwanza, mimba kubwa, ya kuhesabiwa siku. Mama alikuwa amekwisha kusaga unga wa uji wa mzazi. Unga ukabaki kwenye kibuyu.

Kila asubuhi Nakijwa alikwenda ukingoni. Nyumba ya bintiye haikuonekana, lakini moshi wake ulionekana, nyuma ya migomba. Akiona moshi, anasema, "Mwanangu kaamka." Anarudi kupika pombe.

Na pombe ndiyo iliyomletea maneno. Uani kwake palikuwa na magogo mawili ya kukalia. Kabla ya daraja kukatwa, mtu aliketi popote. Baada ya daraja kukatwa, magogo yalichukua majina. Waliokaa gogo la kulia walisema, "Alitukinga." Waliokaa gogo la kushoto walisema, "Alitufunga."

Mkubwa wa gogo la kulia alikuwa Mzee Kalinjuma, mrina asali, mtu mpole mpaka umtajie mfalme. "Mfalme ana macho marefu," alisema. "Kuna vita vilikuwa vinakuja. Sisi tumelala, yeye hakulala. Alitukinga!"

Mkubwa wa gogo la kushoto alikuwa Nanzia, mfinyanzi, aliyekuwa akiuza vyungu vyake ng'ambo. Sasa vyungu vilimjaa nyumbani hata mahali pa kulala hana. "Vita vipi, Mzee? Vita visivyo na ngoma? Mjomba wa mfalme ndiye mwenye shimo la chumvi upande huu. Daraja limekatwa, sote tunalamba chumvi yake. Alitufunga!"

"Alitukinga!"

"Alitufunga!"

"Alitukinga!"

Ndivyo ilivyokuwa. Mvua zikanyesha, zikaisha, zikanyesha tena, na ubishi haukuisha. Harusi zilivunjika. Mzee Kalinjuma alimfukuza mdogo wake, wa tumbo moja, kwa sababu aliketi gogo la kushoto. Watoto wakicheza walijigawa mafungu mawili, wengine Wakinga, wengine Wafunga, wakirushiana matope.

Na Nakijwa je? Nakijwa alimimina pombe kulia, akamimina kushoto. Wakimwambia, "Mama Niendiwe, na wewe sema, uko wapi?" alijibu, "Mimi sijui. Na nyinyi pia hamjui. Tofauti yetu ni kwamba mimi najua kuwa sijui." Walimcheka kwa hilo.

Sasa sikilizeni. Asubuhi moja Nakijwa akaenda ukingoni. Akatazama. Hakuna moshi. Akangoja. Hakuna moshi. Kesho yake akarudi. Hakuna moshi. Akapaza sauti, "Niendiwe! Niendiweee!" Mto ukaimeza sauti yake kama mtu anavyomeza mate.

Alirudi nyumbani, na siku hiyo hakupika pombe. Aliketi kwenye gogo, mara la kulia, mara la kushoto, akawaza. "Nikimuuliza mfalme, nitahamishwa bila kujibiwa. Nisipomuuliza, nitakufa bila kujua." Akawaza tena. Akakumbuka jambo alilolijua kwa kuwasikiliza walevi miaka yote. Ukimuuliza mlevi umri wake, ananyamaza. Ukimwambia, "Wewe umezaliwa mwaka wa nzige," anaruka, "Nzige wapi! Mimi nilizaliwa mwaka wa njaa, na aliyenipokea ni bibi fulani!" Mtu hulinyima swali jibu, lakini uongo juu yake hawezi kuuacha ukae.

Nakijwa akasimama. Akasema peke yake, "Sitamuuliza. Nitamshukuru."

Ikafika siku ya baraza. Mfalme Kivuma alikaa kwenye kiti chake, mjomba wake kulia, askari nyuma. Watu wakapita mmoja mmoja, kuamkia, kusifu, kushukuru. Nakijwa akapiga magoti.

"Mfalme wetu, nimekuja kushukuru. Ulikata daraja kwa sababu ng'ambo kulizuka mijusi wenye ukubwa wa ng'ombe, wanaokula watoto. Ulipigana nao wewe peke yako, kwa mkono mmoja. Ahsante, Mfalme."

Watu wakatazamana. Mfalme akatabasamu kidogo, upande mmoja wa mdomo. Akasema, "Nimepokea." Basi.

*Hakujibu?*

Hakujibu! Uongo mtamu mtu huupokea, anauweka kwapani.

Nakijwa akarudi nyumbani. Hakuna moshi ng'ambo.

Ikafika baraza ya pili. Nakijwa akapiga magoti.

"Mfalme wetu, nimekuja kushukuru. Ulikata daraja ili sisi tusihangaike na chumvi nyeupe ya sokoni, bali tulambe chumvi ya mjomba wako, yenye mchanga, inayotusafisha meno. Ahsante, Mfalme."

Hapo mjomba aliruka kama aliyekalia siafu. Askari wakashika mikuki. Gogo zima la kushoto, lililokuwa limesimama nyuma, likaziba midomo lisicheke. Mfalme hakutabasamu. Akasema, "Shukrani nyingine kama hiyo, mama, na utahama." Basi.

*Hakujibu?*

Hakujibu. Uongo mchungu nao alikwisha kuuzoea, maana wapelelezi walimletea kila siku kutoka uani kwa Nakijwa mwenyewe.

Nakijwa akarudi nyumbani. Sasa alikuwa anaogopa kweli. Akiongeza moja, anahama, na akihama hatauona hata huo ukingo. Akawaita Mzee Kalinjuma na Nanzia, wakaketi gogo moja, kila mmoja amempa mwenzake mgongo.

"Nawaomba kitu kimoja," alisema. "Baraza ijayo, nikimaliza kusema, nyinyi wawili mseme neno moja tu. Mseme, 'Maskini!'"

"Maskini nani?" akauliza Mzee Kalinjuma.

"Mtamjua hapo hapo."

"Na yeye atalisema pia?" akauliza Nanzia, akimnyooshea Mzee kisogo.

"Atalisema."

"Basi mimi silisemi."

"Nanzia, mdogo wangu," Nakijwa akasema, "mwanangu hana moshi."

Wakakubali.

Ikafika baraza ya tatu. Watu walikuwa wengi kuliko siku zote, maana habari za shukrani za Mama Niendiwe zilikuwa zimepanda milima yote. Kila mtu alitaka kusikia. Nakijwa akapiga magoti.

"Nimekuja kushukuru. Leo simshukuru mfalme. Namshukuru mjomba wa mfalme, aliyekata daraja huku mfalme amelala. Sote tulimlaumu mfalme, sote tulimsifu mfalme, kumbe mfalme hakuwa na habari. Aliamka kama sisi, akakuta daraja halipo, akaogopa kumuuliza mjomba wake. Ndiyo maana hasemi. Hana la kusema. Hajui."

Hata kuku wa mfalme waliacha kuchakura.

Ndipo Mzee Kalinjuma, kutoka kulia, akasema, "Maskini!"

Na Nanzia, kutoka kushoto, akasema, "Maskini!"

Watu waliposikia wale wawili wamekubaliana, wakajua neno hili ni la kweli. Kalinjuma na Nanzia wakubaliane? Jua litue mashariki? Basi baraza nzima ikaguna. "Kumbe!" "Maskini Kivuma!" "Mtu mzima, anafanyiwa mambo nyumbani kwake!" Bibi mmoja akaanza kufuta machozi. Mwingine akasema, "Na sisi tulivyomsema! Mungu atusamehe, kumbe ni mtu bure tu!"

Mfalme aliweza kuvumilia kusifiwa. Aliweza kuvumilia kutukanwa. Lakini kuhurumiwa? Aliruka kutoka kitini, kiti kikaanguka.

"Mimi!" akapiga kelele. "Ni mimi! Nililikata kwa mkono huu! Mjomba alikuwa anakoroma! Tarishi wangu alitoka sokoni akaniambia ameona ndui. Nyumba tatu, ndui! Nilichukua shoka mwenyewe, kabla jogoo hajawika!"

Ndui! Watu wakarudi nyuma kama neno lenyewe linaambukiza.

"Na sikuwaambia," mfalme akaendelea, na sasa hakuweza kukoma, kama chungu kilichopasuka. "Ningewaambia ndui iko ng'ambo, mngefanya nini? Wewe mama, ungefanya nini?"

Nakijwa akafikiri. Akasema kweli. "Ningevuka. Ningemfuata mwanangu kabla maneno yako hayajaisha."

"Ungevuka! Na ungerudi nayo. Ndiyo maana nilinyamaza."

Mzee Kalinjuma akapiga mkono pajani. "Sikusema? Sikusema mimi? Alitukinga!" Gogo la kulia likashangilia.

Lakini Nakijwa alikuwa bado amepiga magoti. Akainua uso. Na hapo, mbele ya askari, mbele ya mjomba, mbele ya nchi nzima, akamuuliza mfalme.

"Na ndui imeisha?"

Askari wakatazamana. Hakuna aliyesogea.

Mfalme akainama, akainua kiti chake, asikikalie. Akasema kwa sauti ndogo, "Imeisha. Iliisha zamani. Mvua mbili zimepita. Ngoma za soko nazisikia kila gulio, upepo ukivuma huku."

"Basi daraja je?" Nanzia akapaza sauti. "Mvua mbili! Vyungu vyangu! Watoto wa watu! Daraja je?"

Mfalme akajibu bila kumtazama mtu.

"Mama yangu alikuwa ng'ambo. Alikwenda kuwasalimu ndugu zake, na siku mbili hazikupita, nikakata. Alikuja ukingoni. Upepo ulikuwa unavuma huku, nikamsikia akiniita kwa jina langu la utotoni. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mti, upande huu, ninamwona. Sikuitika. Nilijua nikiitika, nitamvusha. Akaita mpaka akachoka, akaenda zake. Baadaye, siku nyingine ya upepo, askari wakamsikia mtu akipiga kelele kutoka ng'ambo kwamba mama wa mfalme amefariki. Nikisuka daraja jipya, lazima nivuke. Nikivuka, lazima nipite kaburini kwake. Kila mwezi nilisema, mwezi ujao."

Ndugu zangu, baraza ile haikujua ifanye nini. Nusu walitaka kumlilia, nusu walitaka kumpiga, na wengi walitaka vyote viwili. Ndipo Mzee Kalinjuma akatoka mbele, yule mpenzi wa mfalme. Watu wakadhani atamfariji.

"Mfalme," akasema, "mimi nimekutetea mvua na kiangazi. Nimekutetea kwa vita ambavyo havikuwapo. Nimemfukuza mdogo wangu kwa ajili yako. Uliponikinga, nilikuwa tayari kukushukuru. Uliponifunga, ungeniambia. Kwa nini hukunipa hata neno moja la kweli la kukutetea nalo?"

Akageuka, akaondoka, asimwamkie. Moja kwa moja mpaka kwa mdogo wake. Huko walisemezana nini, mimi sikuambiwa.

Kesho yake watu wakaanza kusuka kamba. Wengine hawakutaka mfalme aiguse. "Mkono ule ule uliokata!" Wengine wakasema, "Mkono ule ule uliotuokoa. Mwacheni asuke." Wakabishana huku wanasuka. Mfalme akasuka kipande chake, wale wasiokitaka wakakivuta kwa nguvu zao zote kukijaribu, kisikatike, wakakiacha.

Daraja likaisha. Nani wa kwanza kuvuka?

*Nakijwa!*

Nani mwingine? Alivuka na kibuyu cha unga mpya kichwani, mfalme nyuma yake, na watu nyuma ya mfalme. Walipokaribia ng'ambo, wakakuta watu wamejipanga na marungu.

"Simameni hapo hapo!" wale wakapiga kelele. "Ndui yenu imeisha?"

"Ndui yetu?" Nanzia akauliza.

"Ndiyo, yenu! Kwetu waliugua watu wachache tu, wakatengwa, ikaisha. Tukajua nyinyi huko mnateketea. Maana kwa nini mfalme wenu akate daraja kama si kutukinga sisi?"

"Kutukinga?" akasema mwingine mwenye rungu. "Nani kakwambia alitukinga? Alitufunga! Alitaka tufe kwa kukosa vyungu!"

"Alitukinga!"

"Alitufunga!"

Wa Vuchanga wakaketi papo hapo darajani kwa kicheko, daraja likayumba, wakashikana wasianguke. Hata mfalme alicheka, kisha akakumbuka kaburi.

Nakijwa hakungoja kicheko kiishe. Alipita katikati ya marungu, akapita migomba, akafika kwenye nyumba ya bintiye. Nyumba imebomoka. Majani yameota jikoni. Akaketi chini na kibuyu chake.

Mwanamke mmoja akapita na kuni. "Unamtafuta nani, mama?"

"Mwenye nyumba hii."

"Nyumba hii iliporomoka kwa mvua. Wamehamia nyuma ya kilima kile, kwenye kisima."

Nakijwa hakukumbuka kushukuru. Alikwenda mbio, yeye mtu mzima, kibuyu kinamwagika. Nyuma ya kilima akakuta moshi, na chini ya moshi Niendiwe anapepeta mtama, na pembeni mtoto wa kike aliyekwisha kusimama na kutembea. Niendiwe akaangusha ungo. Wakashikana. Mtoto akamtazama yule bibi anayelia, akajificha nyuma ya mama yake, akauliza, "Nani huyu?"

Na mfalme je? Mfalme alipelekwa kaburini. Kaburi lilikuwa limepaliliwa vizuri. Palikuwa na dada wa mama yake, kikongwe, amekaa kwenye kigoda. Mfalme akamwamkia, "Shikamoo, mama mdogo." Akaitikia. Wakakaa. Mwisho mfalme akasema, "Alikufa kwa ndui?"

"Ndui gani! Kwa uzee. Alikaa nasi mvua nzima."

"Alinisema?"

"Kila siku. Leo anasema, 'Mwanangu ana akili, amekinga watu wake hata kwangu mimi.' Kesho anasema, 'Mwana yule ni jiwe, nimezaa jiwe.' Leo hivi, kesho vile. Sisi wenyewe tulichoka."

Mfalme akavuta kigoda chake karibu. "Na siku aliyokufa, mama mdogo? Siku ile alikuwa anasema lipi?"

Kikongwe akafikiri. Akafikiri sana. Akatikisa kichwa.

"Sikumbuki, mwanangu."

Tangu hapo, katika nchi ya Vuchanga, kila baraza ilianza na maswali, salamu zikafuata. Mfalme Kivuma alijibu vizuri siku nyingine, na siku nyingine alijibu hovyo, na watu walimwambia amejibu hovyo. Wapo waliomsamehe. Wapo ambao hawakumsamehe mpaka alipozikwa, nao walikwenda mazikoni, wakabishana njia nzima.

Hadithi yangu imefika mlangoni kwenu. Ikiwa tamu, mle wote. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe, nitaitia asali. Na maswali mnayo?

*Tunayo!*

Haya, ulizeni.